Namba Iliyojaza Mashimo 31

Chama chetu cha kuweka na kukopa kilipoamua kuachana na madaftari, kazi ya kuingiza kumbukumbu kwenye kompyuta alipewa kijana mmoja, mtoto wa mwanachama mwenzetu. Alikesha wiki mbili. Jumamosi ya mkutano akaja na orodha iliyochapishwa, akaigawa. Majina yalikuwa sawa, hisa zilikuwa sawa, hata majina ya warithi aliyapatia. Safu ya simu ndiyo iliyotushtua. Kuanzia mwenyekiti hadi mimi niliyejiunga mwisho, wanachama wote tulikuwa na namba moja ya simu: 2147483647.

Katibu alisema kijana amenakili namba ya mtu mmoja mpaka chini. Kijana akaapa kwamba aliingiza ya kila mtu kwa mkono wake, akatoa daftari, tukalinganisha. Kweli aliingiza. Baada ya mkutano nilimsogelea nikamuuliza hii namba ni ya nani.

"Si ya mtu, mzee," akaniambia. "Huo ndio mwisho wa nafasi. Kompyuta ikifika hapo haina pa kuandika tena."

Namba za simu zetu aliziingiza pamoja na 255 ya mbele, tarakimu kumi na mbili, yaani kila moja ni zaidi ya bilioni 255. Safu aliyoitengeneza ilikuwa ya namba nzima za kawaida, na safu ya aina hiyo hubeba hadi bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Programu aliyotumia haikukataa wala haikutoa onyo. Kila ilipopewa namba kubwa kuliko uwezo wake, iliandika kubwa kuliko zote inazozijua, ikapita. Wenzetu wa Marekani wana adha yao na namba hiyohiyo, maana 214 ni msimbo wa simu wa eneo la Dallas, na 214-748-3647 inaonekana kabisa kama simu ya mtu wa huko.

Mimi nilisoma hisabati, nikaifundisha miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye uandishi. Namba ile nilikuwa naijua kwa jina lingine, na kuiona imejipanga kwenye orodha yetu ya hisa kulinifanya nisitulie siku nzima. Jioni nilitoa bao.

Bao la Kiswahili lina safu nne, kila safu mashimo manane, jumla mashimo 32. Sijui ubao mwingine unaofaa kuliko huo kumweleza mtu namna kompyuta inavyohesabu. Weka kanuni hii: shimo la kwanza, kete yake ina thamani ya 1. Kete ya shimo la pili ina thamani ya 2, ya shimo la tatu 4, ya nne 8, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Na shimo halikai na kete zaidi ya moja. Zikikutana mbili zinatolewa zote, moja inasogezwa shimo linalofuata, nyingine inarudi mkononi. Ukitaka kuandika 13, weka kete kwenye shimo la kwanza, la tatu na la nne: 1, 4 na 8. Kila namba ina mpangilio wake mmoja tu, na hakuna namba inayokosa.

Sasa jaza. Mashimo matano yakijaa, jumla ni 31. Yakijaa kumi, ni 1,023. Ishirini, umeshavuka milioni moja. Jaza mashimo 31 na uache la mwisho wazi, na kete hizo 31 zilizokaa mojamoja zinasomeka 2,147,483,647. Wanahisabati huiandika kwa kifupi: 2 iliyozidishwa yenyewe mara 31, kisha ukatoa 1.

Shimo la 32 haliachwi kwa bahati mbaya. Mashine inayotumia biti 32, kila biti ikiwa kama shimo moja, hulitunza kwa ajili ya alama: likiwa wazi, namba ni chanya, likiwa na kete, namba ni hasi. Ndiyo maana kikomo kiko palepale penye mashimo 31. Niliwaita wajukuu, nikampa mdogo wao kete moja zaidi, nikamwambia aiongeze kwenye shimo la kwanza. Kete zikakutana mbili, akazitoa, moja akaisogeza. Shimo la pili nalo mbili. Akasogeza. Akazunguka ubao mzima hivyo, shimo baada ya shimo likiachwa tupu nyuma yake, hadi kete ikatua peke yake kwenye shimo la 32. Ubao uliokuwa umejaa ukawa mweupe, na namba iliyokuwa kubwa kuliko zote sasa inasomeka bilioni mbili na ushei chini ya sifuri. Aliniuliza kama amekosea. Hakukosea. Mashine nayo hufanya vivyo hivyo.

Lakini mimi namba hii niliipenda muda mrefu kabla sijajua habari za biti, kwa sababu ni namba tasa.

Darasani tunafundisha kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Jina lenyewe sijawahi kulipenda. Tasa ni asiyezaa, na namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote. Hakuna namba nzima inayozidi 1 ambayo si tasa yenyewe au zao la tasa zilizozidishwa. 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5, basi. Tungeziita namba mama tungekuwa karibu zaidi na ukweli.

Je, mashimo yaliyojaa hutoa namba tasa kila mara? Hapana, na bao linaonyesha sababu. Chukua mashimo sita yaliyojaa, 63. Yagawe makundi mawili ya matatu matatu. Kundi la kwanza ni 7, na kundi la pili ni 7 hiyohiyo iliyozidishwa kwa 8. Jumla ni 7 mara 9. Popote idadi ya mashimo inapogawika katika makundi sawa yenye mashimo mawili au zaidi, jumla nayo inagawika. Kwa hiyo idadi ya mashimo yenyewe sharti iwe tasa, na 31 ni tasa. Hata hivyo sharti hilo halitoshi: mashimo 11 yakijaa ni 2,047, na hiyo ni 23 mara 89.

Hapo ndipo watu walipokwama kwa karne nyingi. Mwaka 1588 Pietro Cataldi wa Bologna alihakiki kwa kugawanya kwamba mashimo 17 na 19 yanatoa namba tasa, 131,071 na 524,287. Akadai vilevile kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alimkosoa kuhusu 23 na 37. Mashimo 23 ni 8,388,607, na inagawanyika kwa 47. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyekuwa akiandikiana barua na wanasayansi wa nusu ya Ulaya, alichapisha orodha yake: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Orodha ilikuwa na makosa matano, mawili yaliyozidi na matatu yaliyosahaulika, na bado namba tasa za aina hii zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Kuhusu 31 alikuwa sahihi, ila uthibitisho haukuwepo.

Aliyeuleta ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi St. Petersburg. Jicho la kulia lilimharibikia akiwa kijana. La kushoto likaingia mtoto wa jicho, akapasuliwa mwaka 1771, na baada ya hapo akabaki karibu kipofu kabisa. Mwaka huohuo nyumba yake iliungua, akaokolewa motoni. Mwaka uliofuata, 1772, akiwa na miaka 65, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli kwamba 2,147,483,647 ni tasa.

Tazama ukubwa wa kazi. Ili kujua kama namba ni tasa inatosha kuijaribu hadi kwenye kipeuo chake cha pili, kwa sababu kigawo kikubwa lazima kiambatane na kidogo. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushei. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Mtu wa kalamu na karatasi angegawanya mara elfu nne na mia saba, na akikosea moja tu kazi yote haina maana.

Euler alipunguza mzigo huo kwa kutafakari kabla ya kugawanya. Vigawo vya namba hizi vina tabia ambayo Fermat alikuwa ameshaigusa. Rudi kwenye 2,047, ya mashimo 11: 23 ni mara mbili ya 11 ukiongeza 1, na 89 ni mara nane ya 11 ukiongeza 1. Kwenye mashimo 23, kigawo 47 ni mara mbili ya 23 ukiongeza 1. Si bahati. Kigawo tasa chochote cha namba ya mashimo 31 lazima, kikigawanywa kwa 62, kibaki na 1. Zaidi ya hapo, kikigawanywa kwa 8 lazima kibaki na 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo mawili, wanaoruhusiwa kuingia mlangoni ni namba zilizopita kigawe cha 248 kwa 1 au kwa 63. Hadi kufikia 46,340 namba hizo ni 372.

Hata hizo 372 zinapungua ukizipitia kwa mpangilio. Ya kwanza ni 249, inagawanyika kwa 3, iondoe. Inafuata 311, ni tasa, igawanye: 311 inaingia mara 6,905,092 na kubaki 35. Haikufaa. 497 ni 7 mara 71, iondoe. 559 ni 13 mara 43. 745 inaishia na 5. 807 na 993 zinagawanyika kwa 3. 1,055 kwa 5. 1,241 ni 17 mara 73. Ndipo unafika 1,303, ambayo ni tasa, unagawanya, unapata baki 226. Zinazostahili kugawanywa kweli hazifiki robo ya zile 372. Nilikaa na kalamu nikafanya kumi na mbili za mwanzo. Iliniishia saa moja na nusu, na macho yangu ni mazima. Nikawaza mzee asiyeona, akiishikilia namba ya tarakimu kumi kichwani na kuhakikisha kwamba kila mgawanyo unaacha baki.

Kwa takriban miaka 80 baada ya barua hiyo, hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Uthibitisho huo ulizaa kitu kingine pia. Tangu zama za Eukleidi wa Aleksandria watu walivutiwa na namba kamilifu, ambazo ukijumlisha vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe unaipata yenyewe. 6 ni 1 na 2 na 3. 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Eukleidi alionyesha kwamba kila mashimo yaliyojaa yakitoa namba tasa, unaizidisha kwa thamani ya shimo lake la mwisho na kupata namba kamilifu: 3 mara 2, 7 mara 4, 31 mara 16. Euler akathibitisha kwamba zote zilizo shufwa hutokana na njia hiyo tu. Kwa hiyo alipoithibitisha namba yetu, alipata papo hapo namba kamilifu ya nane: 2,305,843,008,139,952,128.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba kamilifu hiyo kwamba huenda haitapatikana kubwa kuliko hiyo milele, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabia tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kwenda mbele yake. Alikuwa mwanahisabati mzuri, na sentensi ile inaniuma kila ninapoikumbuka, kwa sababu nimeisikia kwa wazazi, kwa wakaguzi wa shule, kwa walimu wenzangu: hii inamsaidia nini mtoto? Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha ile ya mashimo 127, yenye tarakimu 39. Oktoba 2024 mradi wa kujitolea uitwao GIMPS ulitangaza ya mashimo 136,279,841, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Walijisumbua.

Na faida ilikuja. Kompyuta inapotaka namba za bahati nasibu, kwa mchezo au kwa majaribio ya kisayansi, haina dadu ya kurusha, inahesabu. Kanuni moja maarufu, ambayo Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza mwaka 1988 kama kiwango cha chini kinachokubalika, inasema: chukua namba, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, baki ndiyo namba yako inayofuata. Anza na 1. Unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na hapo mtu hawezi tena kukisia inayofuata kwa macho. 16,807 ni 7 iliyozidishwa yenyewe mara tano. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa, na kwa kuwa kizidisho kimechaguliwa vizuri, mlolongo huo unapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo unarudi ulikoanzia. Kigawanyi kisichokuwa tasa hakiwezi kuutoa mzunguko huo kamili. Kile alichokithibitisha Euler mwaka 1772 ndicho kinachouwezesha.

Lakini kikomo cha mashimo 31 kiko palepale, na wengi wamekigonga. Mwishoni mwa mwaka 2014 wimbo wa Mkorea Psy, Gangnam Style, ulitazamwa kwenye YouTube hadi hesabu ikapita namba yetu. YouTube walikuwa wamepanua kihesabio chao kwenda biti 64, ambacho kinafika 9,223,372,036,854,775,807, yaani mashimo 63 yaliyojaa. (63 si tasa, kwa hiyo hiyo nayo si tasa.)

Sisi tulikutana na bao lililojaa kwa njia nyingine. Wenye mita za umeme za LUKU, na wenzetu wa Kenya wenye mita za malipo ya kabla, mnakumbuka mwaka 2024 tulipoingiza makundi ya tarakimu ishirini ishirini ili mita ziendelee kupokea umeme. Mita hizo hutambua muda wa kila tokeni kwa kuhesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na zimetengewa mashimo 24. Dakika 16,777,216 ni chini kidogo ya miaka 32. Nafasi ilikuwa inakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Nyumba kwa nyumba, watu walisimama mbele ya mita wakibonyeza, wengine wakidhani ni utapeli. Laiti tungeelezwa kwa bao, tungeelewa kwa dakika tano.

Linalofuata ni la mashimo 31. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde, kuanzia tarehe 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa saa ya dunia, ambayo kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855, saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Zihesabu kwenye kalenda, unatua Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038. Kwa Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Dar es Salaam jua litakuwa limebakiza dakika chache kuchomoza. Sekunde inayofuata, mashine yoyote ambayo bado inatunza muda kwenye mashimo 31 na moja la alama itafanya kile alichokifanya mjukuu wangu, na itaamini kwamba ni Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1901, saa tano na dakika 45 usiku.

Simu mpya na kompyuta mpya zimeshahamia biti 64. Mimi nina wasiwasi na vifaa vinavyofungwa ukutani na kusahaulika, na programu zilizoandikwa haraka na vijana wetu kwa ajili ya zahanati, shule na vyama kama chetu. Hizo hazina mtu wa kuzipitia, na tarehe zake haziisubiri 2038 ifike ndipo ziharibike. Zinaharibika siku mtu anapoandika tarehe iliyo mbele ya hapo.

Kijana wetu ameshabadili safu ya simu iwe ya maandishi, ameingiza upya, na orodha ya juzi ilikuja na namba yangu halisi. Jumapili nilimwita nyumbani, nikamwekea bao na kete 31, tukaongeza moja. Alipoona kete inatua shimo la mwisho alinyamaza kidogo, kisha akafungua kompyuta yake mpakato palepale mkekani na kuanza na mikopo ya viwanja, ambayo marejesho yake ya mwisho yanaangukia mwaka 2039.